Mtoto Alikubali Kurudi?

  Leo nataka tuzungumze habari ya kumtafutia mtoto daktari mzuri wa meno, na nitaanza na suala la wakati, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Mzazi wa Mbagala, wa Kirumba au wa Ng'ambo kule Unguja anajua tarehe za chanjo za mwanawe. Kadi ya kliniki ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni isilowane. Lakini muulize ni lini mtoto huyo aliangaliwa meno, atakushangaa. Atakujibu, "Mbona hajaanza kuumwa?" Jibu hilo ndilo chanzo cha taabu nyingi. Mtoto anasubiriwa mpaka alie usiku kucha na shavu livimbe. Asubuhi anabebwa, hajalala, hajala, ana homa. Anakalishwa kwenye kiti asichokijua, mbele ya mtu mgeni aliyevaa barakoa, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni sindano. Daktari awe hodari namna gani, siku hiyo amekwisha kunyimwa nafasi ya kuwa daktari mzuri. Jino limeoza hadi kwenye mshipa, mtoto hataki kuguswa, na mzazi anataka jambo moja tu: ling'oeni twende nyumbani. Tangu siku hiyo, ndani ya kichwa cha mtoto, daktari wa meno ni mtu wa koleo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, daktari wa meno wa mtoto hutafutwa mtoto akiwa mzima. Chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani hushauri mtoto aonwe mara ya kwanza ndani ya miezi sita tangu jino la kwanza lichomoze, na asipitishe siku yake ya kutimiza mwaka mmoja. Najua kwetu jambo hilo linasikika kama anasa. Mtoto wa mwaka mmoja ana meno sita tu mdomoni, daktari ataangalia nini? Ataangalia hayo sita, na zaidi ya hapo atazungumza nawe wewe mzazi: anakunywa nini usiku, analala na chupa mdomoni, nani anampiga mswaki, dawa kiasi gani. Ukipata robo saa ya mazungumzo ya namna hiyo mapema, pengine hutamwona mwanao akishikiliwa miguu na mikono miaka mitatu baadaye.

Wapo watakaouliza, ya nini kuhangaika na meno ya maziwa, si yatang'oka? Yatang'oka, ndiyo, lakini si yote kwa pamoja. Meno ya maziwa ni 20. Ya mbele huanza kulegea mtoto akiwa na miaka sita au saba. Magego ya maziwa hukaa mpaka miaka 10, 11, wakati mwingine 12. Mtoto ambaye gego lake limeoza akiwa na miaka minne bado ana miaka sita au zaidi ya kulitafunia. Na gego la maziwa lina kazi nyingine ambayo wazazi wengi hatuijui: linamshikia nafasi mwenzake wa kudumu aliye chini ya ufizi. Ukilitoa mapema mno, meno ya jirani husogea kuziba pengo, na jino la kudumu likija linakuta nyumba imekaliwa. Ndipo unapoona kijana wa miaka 13 meno yamepandana, chonge limetokea juu ya ufizi, na matibabu ya kuyapanga ni ghali kuliko ambavyo kuziba tundu kungekuwa miaka ile.

Tatizo hili si letu peke yetu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya maziwa yaliyooza. Sababu zake tunaishi nazo: chai yenye sukari nyingi asubuhi na jioni, uji mtamu kwenye chupa usiku, biskuti na pipi za kumnyamazisha mtoto, juisi za pakiti, ubuyu wa rangi, barafu za mifuko. Jino halizidiwi na wingi wa sukari tu, linazidiwa na sukari kugusa mara kwa mara, kutwa nzima, bila kupewa nafuu. Alama ya kwanza wala si tundu jeusi. Inua mdomo wa juu wa mtoto penye mwanga uangalie pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, jino limeanza kupoteza madini yake, na hapo bado linaweza kurudishwa pasipo kuchimbwa. Wazazi wachache sana huwa wanainua ule mdomo.

Sasa huyo daktari yuko wapi?

Tanzania tuna ngazi kadhaa za wataalamu wa kinywa na meno, na ni vizuri ujue unaonana na nani. Yupo tabibu wa meno, mwenye stashahada, ambaye ndiye utakayemkuta kwenye vituo vya afya na hospitali nyingi za wilaya. Yupo daktari wa meno mwenye shahada, aliyesoma miaka mitano na kufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Na yupo daktari bingwa, ambaye ameendelea kusomea fani moja, mojawapo ikiwa meno ya watoto. Mabingwa wa watoto ni wachache mno, na wengi wao wako Dar es Salaam. Mzazi wa Nachingwea au Kasulu akiambiwa "mtafute bingwa wa watoto" ni sawa na kuambiwa asiende popote. Nataka niseme wazi kwamba kwa kazi nyingi za kila siku za meno ya mtoto, tabibu mvumilivu wa wilayani anamfaa mwanao kuliko daktari mwenye vyeti ukutani asiye na subira. Bingwa atahitajika pale mambo yanapokuwa makubwa, na tabibu mwaminifu ndiye atakayekuambia, "Hili limenizidi, nakuandikia rufaa." Hospitali ya Taifa Muhimbili, KCMC kule Moshi na Bugando Mwanza zipo kwa kesi hizo. Pale Muhimbili pia kuna kliniki ya chuo kikuu cha MUHAS, ambako wanafunzi wa udaktari wa meno hutibu chini ya uangalizi wa walimu wao. Wazazi wengi huogopa kusikia neno mwanafunzi. Mimi naona mwanafunzi mwenye mwalimu nyuma yake mara nyingi hana haraka, na mtoto anahitaji mtu asiye na haraka.

Jambo moja usilivuke: awe amesajiliwa. Upande wa Bara, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili madaktari wa meno na kuwapa leseni. Zanzibar ina baraza lake, na Kenya ni lile linalofahamika kwa ufupisho KMPDC. Kuuliza leseni si utovu wa adabu. Mtaani kuna mafundi wanaotengeneza meno ya bandia vizuri tu, kisha siku moja wanaanza kung'oa na kuziba. Fundi wa meno ya bandia ana fani yake inayoheshimika, lakini hakusomea kumtibu mtoto.

Ukishajua ngazi, waulize wazazi wenzako. Ila angalia unavyouliza. Mtu akitaka sifa ya daktari wa meno huuliza, "Anang'oa vizuri?" na jirani hujibu, "Ee, ana mkono mwepesi, husikii kitu." Kwa mtoto, swali hilo halikufikishi mbali. Uliza hivi: mtoto wako alikubali kurudi? Mtoto hana haja ya kumsifu mtu. Akiwa ametendewa vibaya, ukitaja tu jina la ile hospitali analia. Akiwa ametendewa vyema, atakusimulia habari za kile kiti kinachopanda na kushuka. Mama mwenye mtoto aliyekubali kurudi mara ya pili na ya tatu anakupa habari kuliko tangazo lolote.

Na kabla ya kwenda, piga simu. Sema hivi: "Mwanangu ana miaka minne, haumwi, nataka aangaliwe tu. Mnapokea?" Ukijibiwa, "Mlete akianza kuumwa," shukuru, kata simu, utafute kwingine. Ukijibiwa, "Mlete asubuhi akiwa ameshiba na hajachoka," hapo kuna mtu anayejua watoto.

Siku ya kwanza kaa uangalie. Daktari mzuri wa mtoto anaanza na mtoto. Mtoto akimwambia "Shikamoo, daktari," anaitikia marahaba kwa kumtazama yeye, anamuuliza jina, anamuuliza anasoma wapi, ndipo anageuka kukusikiliza wewe. Mtoto mdogo sana halazwi kwenye kile kiti kikubwa. Mama na daktari hukaa kwenye viti vya kawaida wakitazamana, magoti yakigusana, miguu ya mtoto inakaa mapajani kwa mama na kichwa chake kinalala mapajani kwa daktari. Kwa namna hiyo mtoto anaendelea kumwona mama yake muda wote. Akilia, mdomo umefunguka, daktari anaangalia haraka, basi. Kilio cha mtoto wa miaka miwili si dalili ya kwamba anateswa.

Kwa mtoto mkubwa kidogo kuna njia ambayo ilielezwa kwa maandishi mwaka 1959 na bado haijapitwa: mwambie, mwonyeshe, halafu ndipo umfanyie. Niliwahi kumwangalia tabibu mmoja wa wilayani akiifanya njia hiyo na binti wa miaka mitano. Alimpa kioo kidogo akishike. Akamwambia, hiki ni cha kuangalia nyuma ya meno, hebu niangalie mimi kwanza. Akafungua mdomo wake mwenyewe, binti akamchungulia. Kisha akamhesabia meno kwa sauti, moja, mbili, tatu, na binti akawa anahesabu naye, hata alipofika kwenye jino bovu mtoto hakujua kwamba ndilo lililomleta. Siku ile hakutibu chochote. Foleni ilikuwa ndefu nje, na wazazi wengine walinung'unika kwamba anapoteza muda. Mimi nilimwona ni mtaalamu kamili. Alikuwa anatengeneza mgonjwa wa miaka 50 ijayo.

Upande wetu wazazi nao una kazi. Acheni, tafadhali, kumtumia daktari kama fimbo. "Usipolala nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano." "Usipopiga mswaki atakung'oa meno yote." Mtoto anayesikia hayo kwa miaka mitatu, halafu siku moja unamwambia, "Twende kwa daktari, ni mtu mzuri," atakuamini vipi? Wala usimdanganye kwa kumwambia "hutaumia hata kidogo". Sindano ya ganzi inauma kidogo, kwa muda mfupi. Daktari mzuri atampaka kwanza dawa ya kufisha ufizi, atamwambia atahisi kubanwa, na atatimiza alichosema. Baada ya ganzi mdomo hubaki umekufa kwa saa mbili, tatu hivi. Mwangalie asijing'ate mdomo wala shavu, maana asubuhi utaamka na kidonda ambacho hakikusababishwa na daktari.

Sasa tufike kwenye lile linaloniuma zaidi: jino linaloweza kuokolewa ambalo linang'olewa kwa sababu hakuna aliyeuliza kama kuna njia nyingine.

Msikilizaji, huenda hujui kwamba mojawapo ya njia zinazotumika leo duniani kote kuziba meno ya watoto pasipo mashine ilianzia hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi mmoja, Jo Frencken, alikuwa akifanya kazi na chuo kikuu cha Dar es Salaam kwenye mpango wa afya ya meno kwa jamii. Vijijini hapakuwa na umeme wa kuendesha mashine, na wagonjwa walikuwa wengi ambao kwa kawaida wangeambiwa meno yao yang'olewe tu. Wakaanza kuondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, vijiko vidogo vya chuma, kisha kuziba tundu kwa saruji ya meno inayonata yenyewe. Njia hiyo ikaja kujulikana kwa ufupisho wa ART. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitambulisha kwa ulimwengu. Haina kelele ya mashine, na mara nyingi haina hata sindano, maana sehemu iliyokufa ikiondolewa taratibu mtoto hasikii maumivu makali. Ilibuniwa kwa sababu ya uhaba wetu, na leo kuna nchi tajiri zinaitumia kwa sababu watoto wanaikubali.

Nasema haya ili ukienda uwe na la kuuliza. Daktari akisema "tunang'oa," muulize kwa heshima: "Daktari, hili haliwezi kuzibwa? Hapa mnaziba kwa mkono bila mashine?" Ipo pia dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floraidi, inayopakwa juu ya sehemu iliyooza na kuusimamisha uozo usiendelee. Inaacha weusi pale ilipopakwa, na daktari anapaswa kukuambia hivyo kabla, si baada. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo, pamoja na ile saruji na dawa ya meno yenye floraidi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Zipo vilevile kofia ndogo za chuma za kuvalisha gego la maziwa. Daktari wa Scotland, Norna Hall, alionyesha kwamba zinaweza kuvalishwa bila kuchimba wala kuchoma ganzi. Si kila kituo kina vyote hivi. Lakini daktari anayeitikia swali lako kwa kukueleza anacho kipi, hana kipi, na kwa nini kwa jino hili kung'oa ndiyo njia iliyobaki, huyo anakuheshimu. Kuna siku kung'oa ni sahihi kabisa: jino likiwa limeota jipu, uso umevimba, mtoto ana homa, usisubiri hata usiku mmoja.

Akitaka kuziba kwa ile amalgamu ya zamani ya rangi ya fedha, mkumbushe. Ile ina zebaki, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana mwaka 2022 kwamba isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari anapoona hakuna budi.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito, la wale ambao daktari wao wa kwanza wa meno hakuwa daktari. Mtoto wa miezi minne au mitano ana homa, anaharisha, anakataa ziwa, anatafuna vidole. Bibi au jirani anampapasa ufizi, anakuta kijivimbe cheupe mahali ambapo chonge litatokea, anasema, "Huyu ana meno ya plastiki." Wengine huyaita ya nailoni. Anaitwa mtu, anakuja na kisu, msumari au spoku ya baiskeli, ufizi unapasuliwa na kitu kidogo cheupe laini kinatolewa na kuonyeshwa mama. Kile ni mbegu ya chonge la maziwa, jino ambalo halijakomaa. Kila mtoto anazo. Kilichokuwa kinamuumiza ni malaria, au nimonia, au maambukizi ya tumbo, na muda ambao angepewa ORS na zinki au kupimwa damu umepotea ufizini. Wapo waliotokwa na damu mpaka wakafa. Wapo walioambukizwa pepopunda. Waliopona, wengine huja kugundua wakiwa na miaka 11 au 12 kwamba chonge la kudumu limetoka limekunjamana, au halikutoka kabisa, kwa sababu nalo liliguswa na ile spoku.

Siwasemi mabibi vibaya. Mtoto anakufa mbele yako na mtu anakuambia anajua sababu, utashika nini? Nawasema wataalamu. Mama akifika kliniki na mtoto mwenye kovu kwenye ufizi, daktari asiyefaa atamgombeza mbele ya foleni nzima, na mama huyo hatarudi, wala hatamwambia mdogo wake aende. Daktari mzuri atamkalisha, atamwonyesha kwa kidole mbegu ya jino ni nini, na atamsihi akijaliwa mtoto mwingine amlete kwanza kituoni. Ukimpata daktari wa hivyo, mpeleke na bibi pia.

Wasikilizaji wa Arusha, Arumeru, Singida na sehemu za Kilimanjaro, nanyi mna lenu. Watoto wenu wengi wana meno ya kahawia, na wamechekwa shuleni kwamba hawapigi mswaki. Rangi ile inatokana na floraidi nyingi kwenye maji, iliyoingia wakati jino la kudumu linaumbwa ndani ya taya, katika miaka ya mwanzo mpaka karibu na minane. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango chetu kwa maji ya vijijini kililegezwa hadi 8, kwa sababu bila hivyo vyanzo vingi vingefungwa. Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, ni mojawapo ya sehemu zinazojulikana kwa tatizo hilo, na jirani yake, Ngurdoto, kuna kituo cha serikali kilichoshughulikia kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale. Na magadi tunayolainishia maharage yanaweza kuongeza nyingine.

Daktari mzuri katika sehemu hizo atakuuliza maswali mawili kabla hajashika kifaa: mtoto alizaliwa wapi, na amekua akinywa maji gani? Asiyeuliza ataanza kukwangua jino akitafuta uchafu usiokuwepo. Na mwingine atakuuzia dawa ya kung'arisha kwa mtoto wa miaka tisa. Jihadhari naye. Mtoto wa namna hii anahitaji kwanza aambiwe, na daktari, mbele ya mzazi, kwamba meno yake si machafu na kosa si lake. Matibabu ya rangi yanaweza kusubiri. Mdogo wake anayenyonya sasa ndiye wa kuhangaikiwa, kwa maji ya mvua au maji yaliyochujwa.

Mswaki nao tusiusahau. Dawa ya meno iwe na floraidi, kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, imeandikwa kwenye tyubu. Chini ya miaka mitatu mpakie kiasi cha punje ya mchele, tangu mitatu mpaka sita kiasi cha punje ya njegere, na wewe mzazi ndiye unayeshika mswaki mpaka afike saba au nane. Ninyi wa sehemu zenye floraidi nyingi kwenye maji, ongeeni na daktari wenu kwanza.

Vingine nitavipitia haraka. Vifaa vifunguliwe kwenye pakiti mbele yako, na glovu zibadilishwe, kwa sababu homa ya ini na VVU husafiri kwa damu. Ukiambiwa mtoto atatibiwa kwa nusu kaputi kwa kuwa meno yaliyooza ni mengi, hilo lifanyike hospitali yenye mtaalamu wa usingizi na chumba cha upasuaji, si kwenye kliniki ya ghorofani yenye kiti kimoja. Kama una bima, uliza kabla, siyo kaunta, nini kinalipiwa: bima nyingi hulipia kung'oa kwa urahisi kuliko kutibu mzizi. Na kama fedha ni shida, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani ni tarehe 20 Machi. Kila mwaka siku hizo madaktari huzunguka mashuleni na viwanjani kuangalia meno ya watoto bila malipo. Mpeleke, hata kama ni kwa ajili ya kuonja tu hali ya kufunguliwa mdomo na mgeni mwenye upole.

Nimalize na gego moja, maana ndilo linalopotea kuliko yote. Mtoto akifika miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya maziwa huchomoza gego la kudumu. Halisukumi jino lolote, halilegezi kitu, kwa hiyo nyumbani hakuna anayelitambua. Wazazi hudhani ni la maziwa, wanaliacha lioze wakisubiri ling'oke lije jingine. Halina jingine. Jioni hii, kama una mtoto wa darasa la kwanza, mkalishe penye mwanga, anza katikati ya meno ya mbele uhesabu kwenda nyuma upande mmoja. Pengo la jino lililong'oka nalo lihesabu. La maziwa la mwisho ni la tano. Ukikuta la sita, hilo ndilo. Lina mifereji juu yake inayonasa chakula, na mifereji hiyo inaweza kuzibwa kabla haijaoza, bila ganzi na bila kuchimba. Kwa hiyo kesho asubuhi unapopiga ile simu, ongeza swali: "Jino la sita limechomoza. Mnaziba mifereji?"